Mshono wa mchele: kofia ya mtoto mchanga kwa majira ya baridi Likasi



Mwezi wa tano unapoisha, mvua imekwisha kabisa hapa Likasi na baridi inaanza kuingia. Mji wetu uko juu, karibu meta 1,300 kutoka usawa wa bahari. Katika mwezi wa sita na wa saba jua la mchana linaweza kukudanganya uvue koti, lakini usiku digrii hushuka hadi karibu 10, na siku nyingine chini ya hapo. Mtu mzima huongeza blanketi na kulala. Mtoto aliyezaliwa jana hawezi kujiongezea chochote. Anategemea ngozi ya mama yake na kile tulichomvika.

Ndiyo maana, kila mwaka kabla ya baridi kukomaa, vikundi vya wamama katika parokia zetu hutoa sindano na uzi na kuanza kufuma kofia za watoto wachanga. Na kila mwaka wanafunzi wapya huuliza swali lile lile: kwa nini tunaanza na mshono wa mchele, wakati kuna mitindo mizuri zaidi yenye matundu na maua? Leo tunajibu swali hilo, na tunaeleza jinsi mshono wenyewe unavyofumwa, ili hata aliye mbali na kikundi aweze kujifunza.

Mtoto mchanga na joto

Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya digrii 36.5 na 37.5. Anapozaliwa amelowa, na maji yanapokauka juu ya ngozi yake yanaondoka na joto. Hewa ya baridi inayopita inachukua jingine, na kitanda cha baridi anacholazwa juu yake kinachukua pia. Kichwa chake ni kikubwa kulingana na mwili: ni kama robo ya urefu wake wote. Kwa hiyo kichwa kilichoachwa wazi ni mlango mkubwa wa kupoteza joto.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto akaushwe mara anapozaliwa, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, anyonye mapema, avikwe kofia, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito ulio chini ya kilo 2.5, kuna njia ya kangaruu. Ilianza mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia, mji mwingine wa mlimani wenye baridi, ambako daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi na mashine chache za kuwapasha joto. Mtoto hufungwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Nguo anazovaa ni chache sana: kitambaa cha haja, soksi na kofia.

Tazameni basi: hata pale ambapo nguo nyingine zote zinaondolewa, kofia inabaki. Haichukui nafasi ya mama wala ya maziwa yake. Inafunga tu ule mlango ambao kifua cha mama hakiufikii.

Kuna jambo lingine ambalo ni lazima tuliseme, kwa sababu linahusu uhai. Baridi inapozidi, baadhi ya jamaa huingiza mbabula yenye makala ndani ya chumba cha kulala na kufunga mlango na madirisha. Makala inayowaka katika chumba kilichofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala na hawaamki. Tukiwa na kofia, blanketi na kifua cha mama, mbabula ibaki nje.

Sindano zilifikaje kwetu

Kufuma kwa sindano mbili si kazi ya mababu zetu wa Katanga. Wao walijua kusuka mikeka na vikapu. Sindano zilikuja na wamisionari na kampuni. Wakati mji wetu bado ukiitwa Jadotville, jina lililodumu hadi mwaka 1966, wake wa wafanyakazi wa Union Minière katika kambi, na wamama wa misheni pia, walifundishwa kushona, kufuma na kulea watoto. Masomo yale yalikuwa na mawazo ya wakoloni ndani yake kuhusu mwanamke anapaswa kuwa nani. Lakini ujuzi wa mikono ulibaki kwa wamama, na wao wakaurithisha.

Baadaye Gécamines ilipoanguka, na maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004, nyumba nyingi za Likasi, Panda, Kikula na Shituru zilianza kuishi kwa kazi ya mama: shamba, biashara ndogo ya sokoni, cherehani, na sindano. Leo wamama wa Kipendano kwa Wamethodisti, na vikundi vya namna hiyo katika jumuiya nyingine za Kanisa la Kristo katika Kongo, wanakaa pamoja kuomba na kusoma Neno, na mara nyingi mikono inafanya kazi wakati masikio yanasikiliza.

Kitanzi kina uso na mgongo

Kitambaa chote cha kufuma, hata kile kinachoonekana kigumu kabisa, kimejengwa kwa kitanzi kimoja tu kinachopita ndani ya kingine. Kitanzi hicho kina pande mbili. Upande wa mbele kinaonekana kama herufi V, laini. Upande wa nyuma kinaonekana kama kifundo kidogo, kama punje. Tuite wa kwanza uso na wa pili punje. Wamama wengi mjini kwetu walijifunza majina ya Kifaransa, endroit na envers. Ni kitu kile kile.

Ili kupata uso, uzi unakaa nyuma ya sindano. Ncha ya sindano ya kulia inaingia ndani ya kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, inazungushiwa uzi, inauvuta kuja mbele, kisha kitanzi cha zamani kinaachwa kitoke kwenye sindano ya kushoto.

Ili kupata punje, uzi unaletwa mbele kwanza, ukipita katikati ya sindano mbili. Ncha inaingia kutoka kulia kwenda kushoto, mbele ya sindano ya kushoto, inazungushiwa uzi, inausukuma kwenda nyuma, na kitanzi cha zamani kinaachwa.

Ukifuma mstari mmoja wote wa uso, unaofuata wote wa punje, na kuendelea hivyo, unapata kitambaa laini kama kile cha fulana: upande mmoja V tupu, upande mwingine punje tupu. Ni kizuri kwa macho, lakini kina tabia mbaya: kando zake zinajikunja. Sababu ni kwamba kila kitanzi ni uzi uliopindwa, na uzi uliopindwa unataka kunyooka. Vitanzi vyote vikielekea upande mmoja, vyote vinavuta upande huo huo, na kitambaa kinajiviringisha kama jani kavu. Mwanafunzi anayeanza kofia kwa kitambaa cha namna hiyo bila ukingo atashangaa kuona inapanda juu na kuacha masikio ya mtoto wazi.

Mshono wa mchele

Wafaransa wanauita point de riz, maana kitambaa chake kinaonekana kama mchele uliomwagwa juu ya ungo: punje ndogo ndogo pande zote. Kanuni yake ni fupi. Anzisha idadi ya vitanzi isiyogawanyika kwa mbili, kwa mfano 21. Fuma uso mmoja, punje moja, uso mmoja, punje moja, hadi mwisho. Utamaliza kwa uso. Geuza kazi. Rudia vile vile: uso, punje, uso, punje, ukimaliza kwa uso. Kila mstari unaanza kwa uso na kuisha kwa uso. Hakuna mstari wa pili ulio tofauti, hakuna karatasi ya kufuata.

Lakini hatupendi mwanafunzi ashike hesabu peke yake, kwa sababu hesabu inapotea mtoto anapolia au mgeni anapobisha hodi. Tunamfundisha kusoma vitanzi. Angalia kitanzi kilicho mbele yako kwenye sindano ya kushoto. Kama chini yake kuna punje, weka uso. Kama chini yake kuna V, weka punje. Kila kitanzi kinawekwa kinyume cha kile kilicho chini yake, na kwa njia hiyo punje hazipangani katika mstari, zinapishana.

Ukifanya kinyume cha hapo, yaani uso juu ya uso na punje juu ya punje, unapata mshono mwingine: mistari iliyosimama kama matuta ya shamba, yenye kuvutika sana. Huo ndio unaofaa kwa ukingo wa kofia na mikono ya sweta. Hii mishono miwili ni ndugu. Inatumia vitanzi vile vile, kwa zamu ile ile ya moja kwa moja. Tofauti ni mahali tu panapokutana mstari na mstari. Ndiyo sababu mwanafunzi anayepoteza kitanzi kimoja anajikuta anafuma matuta bila kujua. Mwenye kusoma vitanzi anaona kosa baada ya mstari mmoja, na anayehesabu tu analiona baada ya mistari kumi.

Tumeona wamama ambao hawakupata nafasi ya kusoma shuleni wakisoma kitambaa vizuri kuliko sisi wenye vyeti. Wanakitazama, wanasema, "Hapa ulilala," na kweli, kitanzi kilichokosewa kiko hapo hapo walipoonyesha kwa kidole.

Kwa nini huu na si wa matundu

Sababu ya kwanza ni joto. Uzi hautoi joto lolote. Joto linatoka kwa mtoto. Kazi ya kitambaa ni kushika hewa isiyotembea karibu na ngozi. Punje za mchele zinafanya kitambaa kuwa kinene kidogo na zinaacha vijumba vidogo vya hewa pande zote mbili. Mitindo ya matundu ni mizuri siku ya ubatizo, na hatuikatazi, lakini tundu ni tundu: upepo wa usiku unapita.

Sababu ya pili ni kwamba kando zake hazijikunji. Nyuso na punje zinavutana sawasawa, kitambaa kinatulia.

Ya tatu, pande zote mbili zinafanana. Mama aliyechoka, katika giza la saa nane za usiku na umeme haupo, hana haja ya kutafuta upande wa nje.

Ya nne, ndani hakuna nyuzi ndefu zinazoning'inia, kama zile za mitindo ya rangi nyingi. Uzi ulio wazi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto mchanga na kuzuia damu isipite. Mtoto atalia na mama hataona sababu.

Kuna gharama pia, na ni vizuri kuisema. Mshono huu ni wa polepole, kwa kuwa uzi unahamishwa mbele na nyuma kwa kila kitanzi. Unakula uzi kidogo zaidi kuliko kitambaa laini. Tena hauvutiki sana kama matuta, kwa hiyo kipimo lazima kiwe sahihi.

Kofia, hatua kwa hatua

*Kipimo.* Usianze kofia kabla ya kufuma kipande cha kujaribu. Fuma vitanzi 25 kwa mshono wa mchele, mpaka upate kama sentimeta 10 kwenda juu. Kilaze bila kukivuta, uhesabu vitanzi vilivyo ndani ya sentimeta 10. Tuseme umepata 20, yaani viwili kwa kila sentimeta. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzunguko wa karibu sentimeta 35. Kofia inapaswa kuwa ndogo kidogo ili ishike, tuseme sentimeta 33. Mara mbili ni 66. Tunaongeza kimoja ili idadi isigawanyike kwa mbili: 67. Mkono wako ukiwa na kipimo kingine, hesabu upya kwa njia hiyo hiyo. Usikopi namba ya jirani, maana kila mkono unavuta uzi kwa nguvu yake.

*Ukingo.* Anzisha vitanzi 67 bila kukaza. Fuma sentimeta 3 za matuta: mstari wa kwanza anza kwa uso na umalize kwa uso, wa pili anza kwa punje na umalize kwa punje, kisha rudia.

*Mwili.* Ingia kwenye mshono wa mchele, kila mstari ukianza na kuisha kwa uso. Endelea hadi kofia ifike sentimeta 12 kutoka mwanzo.

*Kufunga juu.* Fuma vitanzi viwili viwili pamoja kama uso hadi mwisho. Kimoja kitabaki peke yake. Sasa una 34. Fuma mstari mmoja wote wa punje. Kisha tena viwili viwili pamoja: vimebaki 17. Kata uzi, uache karibu sentimeta 40. Kwa sindano ya kushonea ya tundu kubwa, pitisha uzi ndani ya vitanzi vyote 17, vitoe kwenye sindano ya kufumia, vuta mpaka tundu lifunge, upitishe mara ya pili kwa usalama. Kwa uzi uliobaki shona ubavu kuanzia juu hadi ukingoni.

*Kumalizia.* Ncha za uzi zifichwe ndani ya kitambaa kwa angalau sentimeta 5, kisha zikatwe. Usiweke kamba ya kufunga chini ya kidevu, wala kifungo, wala ua la kushikizwa. Geuza kofia, ingiza vidole vyako vyote ndani. Kama kuna uzi unaonasa, haijaisha.

Osha kwa sabuni na uanike juani kabla ya kuitoa. Uzi mwingi unaouzwa katika masoko yetu si sufu ya kondoo, umetengenezwa viwandani. Unafulika vizuri na haukwaruzi, lakini hauvumilii moto. Pasi ya moto inalaza punje zote, na haziamki tena. Usiukaushe juu ya mbabula.

Makosa tunayoyaona mara nyingi

Vitanzi vinaongezeka bila sababu: 67 vimekuwa 70. Mara nyingi ni kwa sababu uzi ulihamishwa kwa kupita juu ya sindano badala ya katikati ya sindano mbili. Unaacha kitanzi cha ziada na tundu chini yake. Hesabu kila baada ya mistari minne.

Kitambaa kina mistari iliyosimama: umeingia kwenye matuta. Fumua hadi pale punje ziliposimama juu ya punje. Kufumua si aibu; uzi ni ule ule.

Kofia ni pana kama bakuli: kipande cha kujaribu hakikufumwa, au kilipimwa kikiwa kimevutwa.

Kutoa na kuuza

Vikundi vingine vinapeleka kofia katika maternite na vituo vya afya. Vingine vinauza baadhi ili kununua uzi wa kofia nyingine. Yote mawili ni mema, mradi hesabu ya kikundi iwe wazi: uzi ulionunuliwa, kofia zilizotoka, franka zilizoingia. Mama mwenye njaa nyumbani hapaswi kuona haya kulipwa kwa kazi yake.

Unapomkabidhi mama kofia, mwambie pia haya: aguse kifua na shingo ya mtoto. Akiwa na jasho, apunguze nguo. Akiwa wa baridi, amweke kifuani ngozi kwa ngozi na kuwafunika wote wawili kwa kikwembe na blanketi. Asipopata joto, au akikataa kunyonya, aende kituo cha afya usiku huo huo, asingoje asubuhi.

Maandiko yanamkumbuka Hana, aliyemshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka, na bila shaka kila mwaka alibadili kipimo. Yanamkumbuka Dorkasi wa Yafa, ambaye alipokufa wajane walimwonyesha Petro nguo alizowafanyia. Hawakuleta hotuba zake; walileta kazi ya mikono yake, wakiilia.

Baridi ya mwaka huu haitatungoja. Parokia ambayo ina wamama watano wenye kujua kufuma inaweza kufundisha wengine kumi kabla ya mwezi wa sita, kwa sindano mbili na bunda moja la uzi kila mmoja. Waanze na vitanzi 21 vya mchele, wafumue, waanze tena, mpaka macho yasome bila kuhesabu.